Gari Linapogoma Juani

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za chanjo na uji wa watoto, tuingie chini ya boneti. Magari mengi ya siku hizi hayana kabureta, lakini lile la zamani bado lipo katika nyumba na sharika zetu. Asubuhi linawaka bila tatizo. Mchana wa jua kali linagoma.

Sisi yalitupata mwezi wa Februari, tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na pikapu ya usharika. Tulikuwa na mama mjamzito aliyekwisha kushikwa na uchungu. Kabla ya kufika Soni gari likaanza kukohoa, likakosa nguvu, likazimika. Dereva alipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea, kisha akachukua mpira avute petroli kwa mdomo. Hapo tulimkatalia kabisa. Petroli ikiteleza kidogo tu na kuingia mapafuni huleta homa mbaya ya mapafu. Mtu akiimeza asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Apelekwe hospitali, hasa akikohoa au kupumua kwa shida.

Tatizo lenyewe ni hili. Sehemu ya petroli huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kama sufuria ya chai, na chini ya boneti joto hupita hapo kwa urahisi. Ikichemka ndani ya bomba huwa mvuke, na pampu iliyozoea kuvuta maji maji haiwezi kusukuma mvuke. Gari likipanda mlima polepole hewa ya kupoza ni kidogo. Likisimamishwa ndiyo huzidi, kwa sababu feni imesimama na injini bado ina moto.

Lakini msikubali kila kitu kiitwe joto. Fungueni kwanza kifuniko cha tangi: kikivuta hewa kwa kishindo, tundu lake la hewa limeziba, na petroli ilikuwa haishuki. Kisha, injini ikiwa imezimwa, toeni kifuniko cha chujio la hewa, mmoja akanyage pedali ya mafuta mara moja na mwingine atazame ndani ya kabureta. Pasiporuka petroli, bomba lina mvuke au chujio la mafuta limeziba. Ikiwa harufu ni kali na plagi zimelowa, petroli imechemka ikamwagikia injini. Kanyageni pedali mpaka chini, msiipampu, ndipo mpige stata. Petroli ikiruka vizuri na plagi ni kavu, ulizeni koili, maana nayo ikipata moto hukata umeme. Wakati wote huo pasiwe na sigara wala kiberiti karibu. (Akina baba, tunawajua.)

Kwetu haikuruka hata tone. Tulimkalisha mgonjwa kivulini tukahesabu uchungu kwa saa ya mkononi: kila dakika tano. Boneti ikafunguliwa, mwenzetu mmoja akavua khanga yake ya juu, tukailowesha, tukaikamua na kuizungushia pampu na bomba lake. Maji hatukumwaga ovyo, kwani maji baridi juu ya chuma chenye moto hupasua, na yakiingia kwenye nyaya za plagi mtaongeza tatizo la pili. Dakika hizo zilikuwa ndefu kuliko zamu nzima ya usiku. Baada ya nusu saa pikapu iliwaka, na jioni ile akazaliwa mtoto wa kike, salama.

Fundi alikuta bomba la petroli limelalia karibu na bomba la moshi, na kile kibao cha kuzuia joto chini ya kabureta hakipo. Mtu alikitoa zamani akafunga bila kukirudisha. Bomba likahamishwa, kibao kikawekwa. Khanga haikurudi kwa mwenyewe. Iko chini ya kiti cha dereva, pamoja na chupa ya maji.