Dawa ya Pumu Si ya Siku ya Kubanwa Tu



Sasa unajua kusoma. Barua yako unaisoma mwenyewe. Mizani pia unaisoma, na hupunjwi unapouza mazao. Leo nataka tusome kitu kingine, nacho ni kisanduku cha dawa ya pumu. Mtu asiyekielewa anaweza kupoteza maisha.

Ndani ya mapafu kuna mirija ya kupitisha hewa. Mtu mwenye pumu ana uvimbe ndani ya mirija hiyo. Akipata moshi, vumbi au mafua, misuli inayoizunguka mirija hukaza. Makohozi nayo huongezeka. Njia ya hewa huwa nyembamba, na kifua hulia kama filimbi.

Upo pia ugonjwa sugu wa mapafu. Huu huwapata zaidi watu wazima waliovuta tumbaku, au waliopika miaka mingi katika moshi wa kuni. Mirija yao huharibika pole pole, wala hairudi kuwa kama zamani. Dawa huwapa nafuu. Kuacha tumbaku huzuia ugonjwa usiende mbio.

Sasa tuzungumze habari ya dawa za kuvuta kwa mdomo. Iko dawa inayofungua mirija kwa haraka. Inayojulikana sana ni salbutamol. Iko nyingine inayotuliza uvimbe, nayo hufanya kazi pole pole, siku hata siku. Siku hizi dawa ya kutuliza uvimbe huchanganywa na dawa ya kufungua mirija kwa muda mrefu, zikawekwa katika chombo kimoja. Hiyo ndiyo dawa ya mchanganyiko.

Watu wengi huipenda ile ya haraka peke yake. Ukivuta, kifua hufunguka. Lakini uvimbe haujaguswa. Ni sawa na kupangusa maji sakafuni huku paa linavuja. Mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa dunia, wa chama kiitwacho GINA, waliacha kushauri watu wazima watibiwe pumu kwa salbutamol peke yake. Waliona kwamba anayeitegemea hiyo tu yumo katika hatari ya kuzidiwa, hata kufa.

Tumfikirie mama mmoja mkulima. Amepewa dawa ya mchanganyiko. Ameambiwa avute asubuhi na jioni. Baada ya wiki chache analala vizuri. Anasema, "Nimepona." Anaifungia dawa sandukuni isiishe, maana ni ghali. Mwezi unapita. Mafua yanaingia, na usiku mmoja anabanwa. Anaitoa dawa na kuvuta mara 10. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na kifua bado kimebana.

Mama huyu alikosea lini? Hakukosea usiku ule tu. Alikosea siku alipoacha dawa. Nafuu ile ililetwa na dawa yenyewe. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haya ndiyo maoni yangu: siku ya nafuu ndiyo siku ya kutumia dawa. Asiiache mtu kwa sababu amelala vizuri. Mwenye mimba pia asiiache kwa hofu, kwani kukosa hewa kunamdhuru yeye na mtoto. Anayetaka kupunguza dawa amwone kwanza mganga wa zahanati.

Wengine husema, "Ukianza kuvuta dawa, hutaacha kamwe. Ni ulevi." Si kweli. Dawa hii si ulevi. Kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge, kwa sababu inakwenda moja kwa moja mapafuni.

Hata hivyo, dawa ina masharti yake. Yasome pole pole.

1. Usitegemee rangi ya chombo. Soma jina. SALBUTAMOL ni ya haraka. Ukiona majina mawili, kwa mfano BUDESONIDE na FORMOTEROL, hiyo ni ya mchanganyiko.

2. Muulize mganga: "Je, hii nivute pia nikibanwa?" Yenye formoterol huweza kutumika hivyo, kama mganga amekuagiza. Yenye SALMETEROL haifai kwa kubanwa ghafla, kwa sababu inachelewa kufanya kazi.

3. Usizidishe kipimo ulichoandikiwa.

4. Usiazime dawa ya mwenzako. Ugonjwa wako na wake huenda si mmoja.

5. Ukimaliza kuvuta, sukutua mdomo kwa maji, kisha uteme. Usiposukutua, unaweza kuota utando mweupe mdomoni, na sauti ikakauka.

6. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayetumia dawa hii ajihadhari na homa ya mapafu. Akipata homa, au makohozi yakibadilika rangi, aende zahanati mapema.

7. Usiweke kichupa juani wala karibu na moto. Kinaweza kupasuka.

Namna ya kuvuta ni jambo kubwa. Kama ni kichupa cha kubonyeza, kitikise. Toa pumzi nje. Fumba midomo kuzunguka mdomo wa chombo. Anza kuvuta pumzi pole pole, na papo hapo bonyeza mara 1. Endelea kuvuta mpaka kifua kijae. Zuia pumzi ukihesabu mpaka 10. Kama ni ya unga, usiitikise wala usipulize ndani yake. Hiyo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka.

Mtoto, au mzee asiyeweza kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, atumie chombo cha kati. Kikikosekana, chupa ya plastiki yaweza kusaidia. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliwafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo cha dukani. Mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitoboa.

Tufanye na hesabu. Kichupa kina mivuto 120. Unavuta mara 2 asubuhi na mara 2 jioni. Kwa siku ni mara 4. Gawa 120 kwa 4, utapata siku 30. Andika ukutani tarehe uliyoanza. Hivyo utajua lini uende kuchukua kingine, kabla hakijaisha.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kuhema, au midomo ikigeuka rangi, au dawa isipompa nafuu, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja. Njiani aendelee kuvuta dawa yake ya kubanwa.

Neno langu la mwisho ni kwa wahudumu wa afya na kwa madarasa yetu. Mtu aliyepewa dawa ya kuvuta bila kuonyeshwa namna ya kuivuta hajatibiwa. Amebebeshwa kichupa tu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Basi darasa letu nalo litenge jioni moja. Tumwalike mhudumu wa afya aje na chombo, na kila mwenye pumu avute mbele yake. Akikosea, arekebishwe.

Na wewe usiye na pumu una kazi. Usimcheke mwenzako anapovuta dawa mbele ya watu. Akiona haya ataificha, na akiificha ataiacha.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama yule alibanwa tena?

2. Kichupa chenye mivuto 60, ukivuta mara 2 kwa siku, kitakwisha baada ya siku ngapi?

3. Nyumbani kwako ni nani anayetumia dawa ya kuvuta? Leo msomee jina lililoandikwa kwenye kisanduku chake.