KAHAWA ISIYO NA KAFEINI: NANI ANANUFAIKA?

Umezuka mtindo, hasa miongoni mwetu sisi tuliosoma, wa kuiogopa kahawa kana kwamba ni sumu. Mtumishi wa ofisi hukataa kikombe cha kahawa kwa hoja kwamba moyo utamwenda mbio, kisha huagiza chai ya rangi, kikombe baada ya kikombe, tangu saa nne hadi ofisi ifungwe. Mwenye uwezo zaidi hutafuta katika maduka makubwa ya mijini mkebe wa kahawa iliyoondolewa kafeini huko ng'ambo, akauweka mezani wageni wauone. Kwetu sisi wa miinuko ya Kigoma, ambako mibuni imeota nyuma ya nyumba, jambo hili si la kupuuzwa. Walimu na watumishi wa Kasulu na Kibondo ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulijadili.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Kafeini ndiyo inayomfanya mnywaji achangamke na kukosa usingizi. Mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kutoka katika buni mwaka 1819. Mfanyabiashara wa Bremen, Ludwig Roselius, ndiye aliyeigeuza elimu hiyo kuwa biashara, na mwaka 1906 kampuni ya Kaffee HAG ikaanzishwa. Roselius aliilainisha buni kwa mvuke, kisha akaiosha kwa benzini, kemikali ambayo leo inajulikana kuwa huleta saratani. Viwanda vya sasa vimeiacha benzini. Vingine hutumia kemikali nyingine, vingine maji, vingine gesi ya kaboni dioksaidi iliyogandamizwa. Hatusemi, basi, kwamba kahawa hiyo ni sumu. Kuwatisha wananchi kwa uongo si kuwaelimisha.

Lakini lipo jambo ambalo tangazo la mkebe halilisemi. Kafeini huondolewa wakati buni ingali mbichi, kabla ya kukaangwa. Kwa hiyo buni lazima isafirishe unyonge wake hadi kwenye viwanda vya kazi hiyo, vilivyoko Ujerumani, Kanada, Meksiko na kwingineko. Mnywaji hulipa bei ya juu zaidi kwa sababu ya kazi hiyo, na nyongeza hiyo huenda kwa mwenye kiwanda. Kafeini yenyewe nayo haimwagwi; huuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji na dawa. Kiwanda kimeuza mara mbili kile ambacho mkulima alikiuza mara moja. Kisha sisi tunakwenda dukani kukinunua kilichobaki, tena kwa fedha za kigeni! Kama huku si kujinyonya wenyewe, ni nini?

Mtu wa Buha anapaswa kuliona jambo hili upesi kuliko wengine. Wakati wa ukoloni, Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la nguvukazi. Vijana walichukuliwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaacha mashamba ya baba zao. Kahawa ni mojawapo ya mazao machache yaliyompa mtu wa vilima hivi fedha bila kumwondoa nyumbani kwake. Hata baada ya wilaya hizi kugawanywa mwaka 2012, zikazaliwa Buhigwe na Kakonko, mti ni ule ule na mkulima ni yule yule. Gharama za shule za watoto wengi tunaowafundisha zimetoka katika mti huo. Inakuwaje mwalimu aliyefundishwa kwa fedha ya kahawa aone haya kuinywa?

Wako watakaojibu kwamba hoja yao ni afya. Hoja hiyo inastahili heshima, na tuipime kwa takwimu. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na mama mjamzito miligramu 200. Kikombe kikubwa cha kahawa kina takriban miligramu 95. Kikombe kama hicho cha chai kina karibu nusu yake. Maana yake, yule ndugu aliyeikimbia kahawa na kunywa vikombe vitano vya chai kazini amekunywa kafeini ya vikombe viwili na nusu vya kahawa. Amekimbia jina, hakukimbia kitu.

Hata hivyo, wapo wanaohitaji kweli kuipunguza: mgonjwa aliyeshauriwa na daktari wake, mama mjamzito, na mtu asiyepata usingizi. Hao wakipenda ladha ya kahawa, isiyo na kafeini inawafaa, na asiwepo wa kuwacheka. Lakini dawa ya mgonjwa haifanywi chakula cha mji mzima. Kwa mwenye afya, kahawa hiyo haina thamani ya bei yake. Kule kuloweshwa na kuoshwa huondoa pamoja na kafeini sehemu ya ladha na harufu, vitu vile vile vinavyoifanya arabika ya milimani itafutwe. Anayetaka kulala vizuri ana tiba isiyo na gharama: anywe kahawa asubuhi, aiache jioni.

Tatizo letu, basi, si kafeini. Tatizo ni kasumba ya kudhani kwamba kitu chetu hakijawa kitu mpaka kivuke bahari na kurudi kikiwa ndani ya mkebe. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kahawa ya Tanzania huuzwa nje. Wenzetu wa Ethiopia hunywa wenyewe takriban nusu ya kahawa wanayoivuna. Mwaka 1989, mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika, bei ya dunia ilianguka, na mkulima asiye na mnunuzi nyumbani hakuwa na pa kukimbilia. Mtumai cha ndugu hufa maskini.

Wala tusidai kwamba hatuna uwezo. Kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA kilianza kazi Bukoba katika miaka ya 1960. Kukaanga na kusaga kahawa ya kutosha ofisi na shule za wilaya hakuhitaji hata mtambo mkubwa kama ule. Kunahitaji chama cha ushirika chenye nia na wanunuzi wa hakika. Wanunuzi hao ni sisi. Vikao vya halmashauri na mikutano ya walimu viandaliwe kahawa ya Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kalinzi, iliyonunuliwa kwa bei ya haki. Mwalimu wa kilimo awapikie wanafunzi kahawa ya shamba la shule, wajue ladha ya jasho la wazazi wao.

Asiye na afya amsikilize daktari. Aliye na afya anywe kahawa ya vilima vyake, na kafeini yake ndani.