Masizi ya Usoni Hayakuwa Mzaha

Yako maneno yasemwayo kwa utulivu mkubwa na watu wenye elimu kila yatajwapo maonyesho ya minstreli, yale yaliyotamalaki Marekani katika karne ya 19, ambamo Wazungu walijipaka weusi usoni wakaimba na kucheza kwa kuwaigiza Waafrika waliokuwa utumwani: husema kwamba ule ulikuwa mzaha wa zama zile, kwamba waliocheza na waliotazama hawakuwa na nia mbaya, na kwamba si insafu kuwahukumu wafu kwa mizani ambayo wao hawakuwa nayo. Maneno hayo yana sura ya uadilifu, na kwa sababu hiyo yamekubaliwa upesi; lakini ni batili, na kuyanyamazia ni kuwadhulumu mara ya pili watu waliokwisha dhulumiwa.

Mizani ilikuwapo. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland na kutoroka mwaka 1838, alikuwa na gazeti lake mwenyewe, The North Star, likichapishwa katika mji wa Rochester. Na mwezi wa Oktoba 1848, wakati vikundi vya minstreli vilipokuwa vikijaza kumbi za New York usiku baada ya usiku, aliandika humo bila kificho kwamba waigizaji hao ni watu duni kupita wote katika jamii yao, wezi walioiba rangi ya wengine wakaifanya bidhaa. Hayo hayakusemwa na mwanachuoni wa leo aliyekaa mbali na mambo. Yalisemwa katika zama zile zile, katika jimbo lile lile, na mtu aliyeigizwa. Basi asemaye kwamba hapana aliyejua ubaya wa jambo lile amewahesabu waliocheka peke yao kuwa ndio watu wa zama zile, na waliochekwa hakuwahesabu kabisa.

Tutazame na lile jambo lenyewe. Kiasi cha mwaka 1830 mwigizaji mmoja wa New York, Thomas Dartmouth Rice, alijipatia sifa kwa wimbo na ngoma ya mtu mweusi aliyevaa matambara na kurukaruka kwa miguu iliyopinda, naye akamwita Jim Crow. Na mwaka 1836 akaivusha bahari dhihaka yake mpaka London, ambako ilipokewa kwa shangwe. Mwezi wa Februari 1843 watu wanne waliojiita Virginia Minstrels walisimama pamoja jukwaani New York na fidla, banjo, tari na vipande vya mifupa vya kugonganisha, na tangu hapo likawa onyesho kamili lenye taratibu zake. Walichoma vizibo vya chupa, wakavisaga, wakavichanganya na maji hata vikawa uji mweusi wa kujipaka, lakini midomo wakaiacha au wakaizungushia rangi ili ionekane mipana kupita kiasi cha mwanadamu. Waliketi kwa nusu duara, wenye tari na mifupa pembezoni, ambao ndio waliopewa upumbavu wote, na katikati bwana mmoja mwenye lugha ya adabu aliyewauliza maswali ili majibu yao yachekwe. Mtu hapati uso wa namna ile kwa kupitiwa. Huutengeneza kwa makusudi mbele ya kioo.

Wengine watanijibu kwamba nyimbo zilikuwa tamu, na utamu wake siukatai. Stephen Foster, aliyezaliwa karibu na Pittsburgh mwaka 1826, alikuwa na kipaji adhimu cha kutunga sauti zinazokaa moyoni. Lakini ni nani miongoni mwa wanaoufurahia wimbo wake wa Oh! Susanna wa mwaka 1848, unaofundishwa watoto katika nchi nyingi, ajuaye kwamba ubeti wake wa pili, kama ulivyochapishwa mwanzoni, ulitaja kwa tusi na kwa kicheko kuuawa kwa watu weusi mia tano? Ubeti huo umeachwa kimya kimya, na kwa kuachwa kwake wimbo ukatakaswa. Zaidi ya huo ni Old Folks at Home wa mwaka 1851, wimbo wa huzuni na upole, ambao ndani yake mtu mweusi aliye mbali anatamani kurudi katika shamba la zamani. Msomaji na apime tarehe. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimisha hata wakazi wa majimbo huru kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka na kuwarudisha kwa mabwana zao. Na mwaka uliofuata, katika kumbi za majimbo hayo hayo, watu walitokwa na machozi kwa ajili ya mtumwa wa kubuni aliyetamani kurudi mwenyewe. Mto wa Florida uliotajwa katika wimbo, Foster aliupata katika ramani. Watu waliotoroka kweli, wakivuka mito kweli usiku na mbwa nyuma yao, hawakutungiwa wimbo katika kumbi zile.

Husemwa pia kwamba Waafrika wenyewe walishiriki, na hii ndiyo hoja ihitajiyo kujibiwa kwa taratibu, maana ni kweli. Banjo yenyewe ni mali yao: asili yake ni vinanda vya kibuyu vya Afrika ya Magharibi, na ndugu yake akonting angali anapigwa na Wajola wa Senegambia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vikundi vingi vya watu weusi viliingia jukwaani, kwa kuwa mlango mwingine wa kazi ya sanaa haukufunguliwa. Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, mchekeshaji aliyesifiwa kuliko wengi wa wakati wake, alijipaka masizi juu ya ngozi yake mwenyewe karibu maisha yake yote ya kazi mpaka alipofariki mwaka 1922. Je, huo ni ushahidi wa ridhaa? Mtu aliyewekewa mlango mmoja akaupita hakuuchagua. Douglass naye, alipokwenda mwaka 1849 kutazama kikundi cha watu weusi, aliona kwamba kuna faida kidogo mweusi kusimama mbele ya hadhira ya Wazungu, walakini akawataka waache kuzidisha chumvi na waonyeshe sanaa yao ya kweli. Na waimbaji wa Fisk, vijana wa chuo cha Nashville waliotoka mwaka 1871 kukitafutia chuo chao fedha, walisimama wima bila masizi, wakaimba nyimbo za ibada za wazee wao, na ulimwengu ukawasikiliza.

Mzaha usio na nia mbaya huisha na kicheko chake. Huu haukuisha. Jina la Jim Crow likawa jina la sheria zilizowatenga weusi katika shule, magari na kura za majimbo ya kusini mpaka miaka ya sitini ya karne iliyopita. Na Uingereza, shirika la utangazaji la BBC lilionyesha Wazungu waliopakwa weusi wakiimba katika televisheni tangu 1958 hadi 1978, ingawa mwaka 1967 yalipelekwa malalamiko rasmi ya kutaka maonyesho hayo yasitishwe. Yaani Tanganyika ilipata uhuru, ikatimiza miaka kumi na sita na zaidi ya kujitawala, na masizi yale yalikuwa bado yanapakwa London kwa ajili ya tafrija ya jioni. Zama zile zilizodaiwa kutojua ziliishia lini, basi?

Simtaki mtu azichome nyimbo hizo wala azifungie kabatini. Namwomba mwalimu wa muziki, kabla hajawafundisha wanafunzi wake sauti ya Foster, awasomee habari ya ubeti ule ulioondolewa na aliyoyaandika Douglass mwaka ule ule wa 1848, kisha awaache waimbe au wakatae kuimba, wakiwa wanajua.