Kata Moja, Midomo Miwili
Historia ya Unguja mjini tumeizoea kwa karafuu, pembe za ndovu na majumba ya masultani. Vijana wadogo wa Ng'ambo, mitaa ya ng'ambo ya hori, hawamo. Kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1869, baada ya kushuka na misafara ya bara hadi Pangani na kuvuka bahari, daktari James Christie alikuwapo mjini, akakifuata nyayo kwa nyayo, na mwaka 1876 akakitolea kitabu kizima. Kazi nzuri, lakini yeye alitazama visima na njia za biashara, si nani alicheza na nani. Mimi nashuku urafiki ndio uliokuwa njia fupi kuliko zote. Mtoto wa mtumwa na mtoto wa mchukuzi hawakuwa na cha kupeana ila kipande cha muhogo na maji ya kisima, na kisima mara nyingi hakikuwa mbali na choo. Kata ya kifuu ilitoka mkono huu ikaingia mkono ule, midomo miwili kwenye ukingo mmoja. Nani angewakataza, ikiwa daktari Mjerumani Robert Koch mwenyewe alikuja kukitambua kijidudu cha kipindupindu miaka ya 1880? Na wangekatazwa, wangesikia? Ukimnyima mwenzio maji leo, kesho hakuiti kwenda kuogelea horini. Maji ya mfereji kutoka chemchemi ya Chemchem aliyaleta Sultani Sayyid Barghash miaka hiyo hiyo ya 1880. Waliosalimika kati ya watoto wale waliyapata wakiwa na ndevu.