Kwa nini ramani ya zamani na simu yako zinapishana mita 300

Kila wapimaji wanapoingia kwenye kata zetu hapa Morogoro, simu za kipindi cha asubuhi huanza kubeba swali lile lile. Msikilizaji ana nakala ya ramani ya zamani, ana simu janja, ameingiza namba za ramani kwenye simu, na simu imempeleka katikati ya shamba la mtu mwingine ambako hakuna bikoni wala dalili ya mpaka. Wengine wanahitimisha papo hapo kwamba mpaka umehamishwa. Katika mkoa ambao wakulima, wafugaji, mashamba makubwa na hifadhi vinapakana kila upande, hiyo si kauli ya kuchezea.

Kabla ya kumtafuta aliyehamisha mpaka, kuna jambo moja la kuuliza: namba hizo zimehesabiwa kuanzia wapi? Ukimwambia mgeni kwamba unakaa nyumba ya tatu, atakuuliza ya tatu kutoka wapi. Kutoka msikitini ni nyumba moja, kutoka sokoni ni nyingine, na hakuna aliyedanganya. Namba za ramani, ambazo wapimaji huziita kodineti, nazo zina mahali zinapoanzia kuhesabiwa na umbo la dunia lililotumika katika hesabu hiyo. Msingi huo unaitwa datamu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania Bara zilijengwa juu ya datamu moja, na simu yako inatumia nyingine.

Datamu ya zamani inaitwa Arc 1960. Mizizi yake iko mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1879 mtaalamu wa nyota David Gill, aliyekuwa Cape, alipendekeza kupima mstari mrefu wa pembetatu kufuata longitudo ya 30, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Watu walipanda vilele vya milima, wakajenga nguzo, wakapima pembe kutoka kilele hadi kilele kwa theodolaiti, nchi baada ya nchi. Kipande cha Tanganyika kilishughulikiwa miaka ya mwanzo ya 1930 na kikosi cha Martin Hotine, na pengo la mwisho, kule Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Hesabu yote ilianzia sehemu moja iitwayo Buffelsfontein, karibu na mji ambao leo unaitwa Gqeberha, Afrika Kusini. Kwa maneno mengine, kodineti ya shamba lililopimwa Kilosa kwa mfumo huo inahesabiwa kutoka kwenye nguzo iliyoko upande wa pili wa bara, ikitumia umbo la dunia alilokadiria Mwingereza Clarke mwaka 1880.

Ilikuwa kazi kubwa, na tusiibeze. Ramani za 1:50,000 ambazo bado zimebandikwa kwenye ofisi nyingi za wilaya zimetokana nayo. Ukiwa nayo karibu, tazama maandishi madogo chini pembeni: utakuta jina la datamu na jina la Clarke.

Kisha zikaja setilaiti. GPS haihesabu kutoka kwenye nguzo yoyote ya Afrika Kusini. Inahesabu kutoka katikati ya dunia yenyewe. Wapimaji wa zamani hawakuwa na njia ya kujua kitovu hicho kiko wapi hasa, na umbo la Clarke walilolitumia, kitovu chake kiko mbali na kitovu halisi kwa zaidi ya mita 300. Tofauti hiyo ndiyo inayojitokeza shambani. Kwa namba za gridi hapa kwetu, ukichukua kodineti za Arc 1960 na kuziingiza kwenye kifaa kilichowekwa kwenye mfumo wa setilaiti bila kuzibadilisha, kifaa kitakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya mahali panapokusudiwa, na karibu mita 90 magharibi.

Mita 300 ni viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Kwenye ile ramani ya 1:50,000 ni milimita 6 tu, upana wa penseli, ndiyo maana kwa miaka mingi haikumsumbua mtu. Lakini chukua kijiji kilichopakana na hifadhi upande wa kusini, mpaka ukienda mashariki hadi magharibi. Mtu akiusoma mpaka huo kwa namba za zamani kwenye kifaa kipya, mstari unaingia kijijini mita 300. Kwa kila kilomita moja ya mpaka, hizo ni hekta 30, yaani ekari 74 hivi. Mpaka wa kilomita 5 unameza ekari 370. Hifadhi ikiwa upande wa kaskazini, kijiji ndicho kinachojiongezea kiasi hicho, na ng'ombe wakikamatwa huko mwenye ng'ombe ataapa kwamba alikuwa ndani ya kijiji, simu mkononi.

Hatusemi kwamba migogoro yote ya mipaka imezaliwa hivi. Mwaka 2019 serikali ilipounda kamati ya mawaziri wa sekta nane, orodha ya vijiji na mitaa yenye migogoro ya matumizi ya ardhi ilifika 975, na sababu zake ni nyingi: ongezeko la watu, matangazo ya serikali yaliyotoka bila wananchi kushirikishwa, vijiji vilivyosajiliwa ndani ya maeneo yaliyokwisha kuhifadhiwa. Tunachosema ni kwamba pale ambapo watu tayari hawaaminiani, mita 300 zisizoelezwa ni petroli.

Serikali haijakaa bure. Ipo datamu mpya ya taifa, TAREF11, ambayo namba 11 katika jina lake ni ya mwaka 2011. Imefungwa kwenye mfumo wa kimataifa unaolindwa kwa vituo vya kudumu vya kupokea mawimbi ya setilaiti. Majirani zetu wana vituo vya aina hiyo Malindi na Mbarara. Kwa msikilizaji wa kawaida, maana yake ni kwamba mpimaji anayefanya kazi kwenye TAREF11 na simu inayotumia GPS wanazungumza karibu lugha moja. Simu bado itakosea mita kadhaa kwa sababu ni simu, lakini haitakosea mita 300.

Hapa ndipo wengi hutuuliza: kwa nini wasichukue namba zote za zamani, waongeze au wapunguze kiasi hicho, kazi iishe? Wangeweza, kama makosa ya zamani yangekuwa sawa kila mahali. Hayako sawa. Pembetatu zilipimwa kilele hadi kilele, kosa dogo la huku likarithiwa na pembetatu ya kule, hata mtandao mzima ukapinda kidogo hapa na kujikunja kidogo pale. Shirika la ramani la jeshi la Marekani lilipokokotoa wastani wa tofauti kati ya Arc 1960 na mfumo wa GPS kwa Kenya na Tanzania, lenyewe liliandika kwamba kila namba inaweza kuzidi au kupungua kwa mita 20. Kwa rubani wa ndege hiyo si hoja. Kwa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 pale Kihonda, hiyo ni nyumba nzima kuhamia kwa jirani.

Dawa yake ni kuzirudia alama zile zile za zamani, kuzipima upya kwa setilaiti, na kutafuta tofauti ya kila eneo kivyake. Ili hilo liwezekane, alama lazima ziwepo. Na alama zetu zimeteseka. Nyingine ziko chini ya barabara za lami, nyingine zimeng'olewa kwa ajili ya nondo, na zilizoko vilimani zimechimbwa na watu walioamini kwamba Mjerumani alifukia rupia chini yake. Tumewahi kulizungumza hili hewani na tutaendelea: chini ya nguzo ya upimaji hakuna rupia. Kuna zege, na juu yake kuna alama ambayo mashamba ya kata nzima yanaitegemea.

Nchi nyingine zimepitia njia hii. Afrika Kusini, ambako mstari wenyewe ulianzia, ilihama rasmi tarehe 1 Januari 1999, na tangu siku hiyo ikajulikana ni mfumo upi unaotumika kwa kazi mpya. Australia imehama mara ya pili, kutoka datamu ya 1994 kwenda ya 2020, kwa sababu bara lao linasogea sentimita 7 hivi kwa mwaka na lilikuwa limefikisha mita 1.8. Afrika nayo haijatulia. Inasogea kaskazini-mashariki kiasi cha sentimita 2.5 kila mwaka, robo mita kwa miaka 10, na Bonde la Ufa linautenga upande wa mashariki kwa milimita chache zaidi. Kwa hiyo hata TAREF11 itahitaji kutunzwa. Mkulima asihofu, shamba lake na la jirani vinasafiri pamoja.

Kwa maoni yetu, pengo lililopo ni la maelezo zaidi kuliko la teknolojia. Habari za datamu zimebaki kwenye semina za wapimaji. Mwenyekiti wa kijiji anayetakiwa kusaini ramani hajaambiwa kwamba kuna mifumo miwili, na baraza la ardhi linaloletewa karatasi mbili zenye namba tofauti linaweza kudhani mmoja kati ya wadaawa amezighushi. Kilombero, Ulanga na Malinyi vimefanyiwa upimaji mkubwa wa hati za kimila katika miaka ya karibuni, kwa vifaa vya setilaiti. Hati hizo zikikutana mezani na ramani ya shamba kubwa iliyochorwa miaka ya 1970, ni lazima awepo mtu wa kueleza.

Mkoa wetu una tatizo dogo la ziada. Ramani za gridi hugawa dunia katika kanda, na Tanzania imeangukia kanda tatu: 35, 36 na 37. Mpaka kati ya 36 na 37 ni longitudo ya 36, ambayo inaliacha eneo la Mlimba upande mmoja na Ifakara upande mwingine. Namba za Mlimba zikisomwa kana kwamba ni za kanda ya Ifakara, kosa linakuwa la mamia ya kilomita. Afadhali hilo, kwa sababu kila mtu ataliona. La mita 300 halijitangazi.

Kwenye urefu wa kwenda juu nako kuna mkanganyiko. Vipimo vya urefu nchini vilianzia usawa wa bahari uliopimwa Tanga, lakini setilaiti hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu. Ndiyo maana ukisimama ufukweni Dar es Salaam, kipimo ghafi cha setilaiti kitasema uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari, nawe miguu imekauka. Kilimanjaro, tunayoijua kwa mita 5,895 za mwaka 1952, ilipimwa kwa GPS mwaka 1999 ikapatikana mita 5,892.55. Kwa mlima ni habari ya kufurahisha. Kwa mfereji wa skimu ya mpunga, ambao maji yake hushuka kwa tofauti ya sentimita chache, kuchanganya vipimo viwili ni kujenga mfereji unaorudisha maji yalikotoka.

Je, hati uliyonayo imekuwa batili? Hapana. Kanuni ya zamani ya upimaji ni kwamba bikoni ya asili ambayo haijaguswa ina nguvu kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Namba ikibadilishwa kutoka Arc 1960 kwenda TAREF11, bikoni haisogei hata inchi, na ekari zako zinabaki zile zile. Anayeng'oa bikoni ili "aisogeze iendane na simu" ndiye anayeharibu ushahidi wake mwenyewe.

Mpimaji akija kwenye mkutano wa kijiji, muulizeni mambo mawili mbele ya watu: datamu gani, na kanda ya ngapi. Majibu yaingizwe kwenye muhtasari wa mkutano na yaandikwe juu ya ramani yenyewe, kabla mwenyekiti hajagonga mhuri.