Barua ya wazi kwa NTSA: Tairi imekua, mita haijui

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, Nairobi



Dereva wa Prado yuko juu ya Nairobi Expressway, mshale wa mita umetulia kwenye 80, kasi ya juu inayoruhusiwa huko. Hana haraka. Kumbe gari linakwenda kilomita 85.6 kwa saa. Mita haijaharibika, kilichobadilika ni tairi.

Prado nyingi hutoka kiwandani na tairi za 265/65R17, zenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Mwenyewe akitaka gari lisimame juu kidogo, huenda Kirinyaga Road akafungiwa 285/70R17, na kipenyo kikafika 831. Sasa, mita ya gari haipimi barabara. Huhesabu mizunguko, kisha huizidisha kwa mzingo wa tairi uliowekwa kiwandani. Tairi kubwa hula barabara zaidi kwa kila mzunguko, asilimia 7 katika mfano huu, na mita haina habari. Hata hesabu ya kilomita hupotoka: ikisoma 10,000, gari limekwenda 10,700, jambo ambalo mnunuzi wa gari kuukuu angependa kuambiwa mapema.

Si kila badiliko lina madhara. Noah iliyovuliwa 195/65R15 ikavalishwa 205/55R16 imepata rimu kubwa, lakini ukuta wa tairi umefupishwa, na tofauti ya kipenyo haifiki hata nusu ya asilimia. Kinachohesabika ni kimo cha gurudumu zima, si rimu inayong'aa.

Tatizo ni kwamba faini za Kenya zimepangwa kwa ngazi nyembamba. Kwa kanuni za 2016, anayezidisha kilomita 1 hadi 5 hupewa onyo, 6 hadi 10 hulipa shilingi 500, 11 hadi 15 shilingi 3,000, na 16 hadi 20 shilingi 10,000. Yule wa Prado amezidisha 5.6, kwenye upenyo kati ya onyo na faini, wanasheria wamfikirie. Kwenye barabara inayoruhusu 110, mita ileile ingemfikisha karibu 118 akiamini ametii sheria.

Watengenezaji, kusema kweli, huwa wameacha nafasi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mita kusoma chini ya kasi halisi, ila inairuhusu kuzidisha kwa sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Ndiyo maana simu yenye GPS mara nyingi husoma chini ya dashibodi. Tairi kubwa huila nafasi hiyo, pengine yote; hesabu ya Prado hapo juu inachukulia kwamba mita haikuachiwa nafasi yoyote. Japani, yanakotoka magari mengi ya Kenya, mkaguzi hulipandisha gari kwenye roli: mita ikisoma 40, kasi halisi isipite 42.5 kwa magari yaliyotengenezwa tangu 2007.

Matatu nazo zimo. Kidhibiti mwendo kinachosoma kasi kutoka kwa sensa ya gari kitazuia mwendo kwenye 80 ya uongo endapo tairi ni kubwa kuliko iliyokusudiwa, huku abiria kumi na wanne wakijiona salama.

Mwandishi wa barua hii haombi tairi kubwa zipigwe marufuku. Kuna barabara za Turkana na Marsabit ambazo zinazihitaji. Anaomba mkaguzi wa NTSA aandike kwenye cheti cha ukaguzi saizi ya tairi aliyoikuta, kando ya ile ya kiwandani, na kipenyo kikizidi kwa zaidi ya asilimia 3, mwenye gari atakiwe kurekebishiwa mita kabla ya kupewa cheti. Saizi ya kiwandani haihitaji kutafutwa mbali. Imo kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva, na hata maelezo yakiwa ya Kijapani, tarakimu zake zinasomeka.