Kanga ya Bi Harusi Isomwe Kabla ya Kununuliwa



Juzi tulikuwa nyumba ya harusi. Sanduku la bi harusi limefunguliwa, vigelegele vinapigwa, ikatolewa doti ya zambarau, nzuri kwelikweli. Somo akaitandaza, akalisoma jina, akaikunja haraka. Lilikuwa neno la kumsuta mke mwenza. Bwana harusi hana mke mwingine; aliyenunua alitazama rangi tu. Lakini bi harusi alishalisoma, na usiku ule alilia.

Mnunuzi ana lawama yake, ila sisi tunamlaumu zaidi mchoraji.

Kanga ina pindo pande nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Umbo hilo lilianza na wanawake wenyewe. Inasimuliwa kuwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakishona leso sita pamoja wapate vazi moja, na wafanyabiashara wakafuata kwa kuchapa kitambaa kizima. Majina yalipokuja yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Kwa hiyo aliyechora alikuwa akimsikiliza mvaaji. Ndiyo sababu tunaipenda kuliko gauni la bei mara kumi: tumebebewa ndani yake, tunaswalia, tunaingia nayo jikoni, na siku ya kuoshwa maiti ndiyo inayositiri. Na yale tusiyoweza kuyatamka mbele ya mume au wifi, jina linatusemea.

Sasa tazama zinazouzwa siku hizi. Nyingine ni poliesta tupu: haivuti jasho, haifungiki ikakaa kiunoni, na hata ukiifua miaka haiwi laini kama ya pamba. Jina limekosewa herufi, au ni kijembe, kwa sababu vijembe vinauzika. (Tusijifanye, sisi pia tunavyo kabatini.) Lakini Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana, na kijembe hakiwi halali kwa kuwa kimechapwa kwenye pamba.

Tunawaomba wachoraji wakae na makungwi na mabibi kabla ya kuandika jina. Watasikia maneno ya dua, ya shukurani, ya kumtuliza mtoto wa watu anayehamia nyumba ya watu. Nasi wanunuzi, tuifungue doti pale pale dukani, tuishike, tuisome mpaka mwisho. Muuzaji akinuna, na anune.

Yule bi harusi wetu, mama mkwe alipopata habari alikuja asubuhi mwenyewe, na kisutu mkononi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, akamfunga kwa mikono yake. Ile ya zambarau fundi ameikata, mji umekuwa foronya mbili. Jina hatukuuliza limekwenda wapi.